Kereng'ende Niliyemkosea

Zamani, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilitunga shairi la beti saba juu ya kereng'ende. Lilitoka gazetini, katika ukurasa wa mashairi, nami nikakikata kile kipande cha karatasi nikakitia ndani ya kamusi yangu, nikakitunza kama mtu atunzavyo cheti. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Kereng'ende wa angani, huna kwenu huna kwako,
Umezaliwa hewani, upepo ndiye mwenzako,
Hapa petu mabondeni, wapita na njia zako,
Nami niko safarini, hali yangu kama yako.

Vina vimekaa, mizani imetimia. Walimu wangu walilisifu, na wenzangu waliokuwa mbali na kwao walilikariri. Hata hivyo, ndugu msomaji, shairi lile lina kosa ambalo mhariri hakuliona, walimu hawakuliona, wala mimi mwenyewe sikuliona mpaka mwaka niliorudi nyumbani kumzika mama. Kosa lenyewe si la arudhi. Shairi halisemi kweli.

Kwetu ni Lushoto, Usambara Magharibi, katika kijiji kimoja cha upande wa Lukozi. Aliyewahi kufika huko anaijua sura ya nchi ile: mashamba yamepanda miteremko mpaka karibu na vilele, nyumba zimekaa mabegani mwa vilima, na chini kabisa, baina ya kilima na kilima, ndipo kilipo kitivo. Wengi wenu mnalijua neno hili kwa maana yake ya chuo kikuu: kitivo cha sheria, kitivo cha sayansi. Kabla halijavaa joho, neno hili lilikuwa na maana ya ardhi yenye rutuba, na kwetu bado ni bonde lenye udongo mweusi na maji ya kudumu. Kuna tambarare upande wa Mlalo iitwayo Kitivo mpaka leo.

Sehemu ya juu ya kitivo chetu, karibu na chemchemi, haikuwa shamba. Ilikuwa tingatinga. Neno hili nalo lina kisa chake. Fungua kamusi utaliona na maana mbili: ardhi ya majimaji ambayo mguu huzama, na mashine ya kulimia au kusawazisha ardhi. Sijui lugha nyingine iliyompa mlaji na mliwaji jina moja. Kwetu mashine haikufika, maana miteremko hairuhusu. Tingatinga letu lilikaushwa kwa jembe la baba.

Nilikuwa darasa la pili alipochimba mitaro mitatu kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye kijito. Maji yaliyokuwa yamelala siku zote yakainuka yakaenda zake. Matete na mafunjo yakafyekwa. Msimu uliofuata palikuwa na kabichi, kisha karoti, kisha viazi mviringo, na malori yakawa yanasubiri barabarani kubeba mboga kwenda Tanga na Dar es Salaam. Simlaumu baba. Kabichi zile ndizo zilizonunua daftari zangu, sare yangu, na ile kamusi niliyotunzia shairi. Kila nikiandika neno, kuna tone la maji ya tingatinga ndani yake.

Kabla ya mitaro ile nilikuwa nikifuatana na mama kuteka maji. Mama hakuteka maji bila kugeuza jiwe. Tulipofika pale kijito kinapotoka kwenye majani, aliweka ndoo chini, akainama, akageuza jiwe moja, akalitazama upande wa chini, akalirudisha kama lilivyokuwa. Ndipo alipochota. Siku nyingine alitazama, akatikisa kichwa, tukapanda juu zaidi. Chini ya jiwe palikuwa na watu wake, na kila mmoja alikuwa na jina kwa Kishambaa. Aliniambia majina hayo, nami niliyajua. Baadaye nikaenda shule ya bweni ambako kilugha kilikatazwa, na nilikuwa mtoto mtiifu. Niliyasahau majina yale taratibu, bila kujua kwamba nayasahau.

Miaka kama kumi iliyopita kitivo kilianza kugoma. Mitaro ilikuwa imejichimba yenyewe mpaka ikawa makorongo. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka mekundu na kubeba mbegu. Mvua ikikatika, chemchemi ilibaki machozi. Juu ya chemchemi watu walikuwa wamepanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni, na kila mkulima wa Usambara anajua jinsi mti ule unavyokunywa. Udongo ulidai mbolea zaidi kila mwaka, na kabichi zilidai dawa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema kwenye nchi tambarare. Katika bonde jembamba kama letu, pima mita 60 huku na mita 60 huku, umemaliza bonde na umeingia jikoni kwa watu.

Kijiji kilijadiliana kwa muda mrefu. Mwishowe walikubaliana jambo dogo kuliko sheria lakini kubwa kuliko mazoea: sehemu ya juu ya kitivo iachwe. Mikaratusi iliyozunguka chemchemi ikatwe na ipandwe mikuyu. Mitaro izibwe kwa magogo na mifuko ya udongo. Matete yarudi. Sehemu hiyo ya juu, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa yetu.

Nilikuwa Dar es Salaam, nikifundisha Kiswahili, nikaunga mkono kwa simu kwa maneno mazuri sana. Nilimwandikia mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki na jembe la baba, ujumbe mrefu juu ya vizazi vijavyo. Alinijibu kwa sentensi moja: "Kaka, wewe unakula mshahara, sisi tunakula bonde." Sikuwa na jibu. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema pale juu ndipo alipokuwa akiteka maji tangu alipoolewa, na kwamba angependa kupaona tena kabla hajafa. Mdogo wangu akaziba mitaro kwa mikono yake mwenyewe, akanyamaza. Kwa mwaka mzima hatukuzungumza ila salamu.

Mama alifariki mwaka wa tatu tangu mitaro izibwe. Siku ya nne ya msiba, wageni walipopungua, binti wa mdogo wangu, wakati huo akiwa darasa la tano, alinijia nyuma ya nyumba na beseni jeupe.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Una nini humo?"

"Wa bibi," alisema, akaliweka beseni chini.

Nilitazama. Maji kidogo, tope kidogo, na ndani yake wadudu wanaotembea. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko wengine, rangi ya tope lenyewe, miguu sita, macho ya kutokeza, sura ya kikatili. Karibu naye palikuwa na kiluwiluwi cha mbu kikijinyonganyonga. Ghafla yule mkubwa alirusha kitu kutoka chini ya kidevu chake, kama mkono uliokunjwa ukakunjuka, akakinyakua kile kiluwiluwi, akakila. Nilishtuka nikarudi nyuma.

"Huyu ni nani?"

Mtoto alinitazama kwa mshangao wa heshima. "Baba mkubwa, si kereng'ende huyu? Bado hajaota mbawa."

Hapo ndipo shairi langu lilipoanguka. Yule niliyemwita mzaliwa wa hewani alikuwa amelala topeni. Kereng'ende hutaga majini au kwenye majani yaliyo majini. Mtoto wake, ambaye vitabu vya shule humwita tunutu, huishi humo kwa miezi, na wa aina nyingine kwa miaka. Huwinda, hujivua ngozi mara nyingi, hupumua kwa kuvuta maji nyuma ya tumbo lake, na akitishwa huyafyatua maji hayo akasogea mbele kama roketi. Siku yake ikifika hupanda shina la tete, ngozi ya mgongoni hupasuka, na yule tunayemjua hutoka, hukausha mbawa, huruka. Maisha yale ya angani niliyoyaimba ni wiki chache za mwisho. Nilimwambia kiumbe huyu kwamba hana kwao, na kumbe kwao palikuwa pale pale ambapo baba alipachimba mitaro, chini ya nyumba niliyozaliwa.

Jioni ile mtoto alinipeleka juu. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kugeuza jiwe. Kisha alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti, akamwonyesha namna ya kutumia beseni jeupe na kipande cha chandarua, na namna ya kuwapa wadudu alama. Nimekuja kujua kwamba alichofundishwa kina ukoo unaoheshimika. Huko Afrika Kusini watu wa kawaida hutumia kipimo cha makundi 13 ya wanyama wadogo wa mtoni, na kila kundi lina alama kwa kadiri lisivyovumilia uchafu: minyoo hupewa 2, na yule mdudu wa mawe wa maji baridi yaendayo kasi hupewa 17. Hapa kwetu, mwaka 2015, mtafiti Mtanzania Lulu Kaaya na wenzake walichapisha kipimo kamili zaidi kwa ajili ya mito ya Tanzania, kiitwacho TARISS. Hoja yake ni ile ile ya mama. Chupa ya maji ukiipeleka maabara itakuambia maji yalivyokuwa dakika ulipochota. Wanyama walio chini ya jiwe wamekaa humo usiku na mchana, mvua na kiangazi, siku ya dawa na siku ya mbolea. Wao hawatoi habari ya dakika moja. Waliopo na wasiokuwapo ndio historia ya maji.

Mdudu mwekundu kama uzi, mtoto wa kijinzi kisichouma, ana damu inayoshika hewa, kama yetu, ndiyo maana huweza kuishi katika tope lisilo na pumzi. Ukimkuta huyo peke yake, usichote. Yule mwenye mikia mitatu na matamvua kando ya tumbo hupumua kwa matamvua hayo; tope likiyaziba, anakufa. Akiwapo, kijito kinapumua. Yule anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga, akiziunganisha kwa hariri ya mdomo wake, anahitaji mchanga safi na maji yasiyomwangusha. Mama hakuwa na jedwali la alama, lakini alilisoma jiwe kama mtu asomavyo barua.

Tangu msiba ule ninakwenda nyumbani kila likizo, nami na mwanangu yule tunageuza mawe na kuchota tope kando ya matete. Si utafiti, ni matembezi. Lakini tumeona mambo ambayo wataalamu wa ikolojia wamekwisha kuyaandika juu ya ardhi oevu zilizorejeshwa katika nchi nyingi. (Oevu, kwa wanaouliza, lina undugu na kulowa, ni neno la wataalamu, lakini si geni katika damu.) Jambo la kwanza ni kwamba wanaorudi hawarudi kwa pamoja. Wenye mbawa hutangulia. Mtoto aliniambia kwamba mitaro ilipozibwa tu, mvua ya kwanza, walikuja wale wapiga makasia wanaoogelea chali, na vifaurongo vya majini, na vijinzi, na kereng'ende wakubwa wanaotaga popote waonapo maji yanang'aa. Hawa ni wageni wa kila karamu. Waliofuata walingoja majani: kereng'ende wembamba wanaokunja mbawa wakitua hutaga ndani ya mashina, basi pasipo mashina hawana pa kuweka mayai.

Wasio na mbawa huchelewa. Konokono, ruba na kaa wa mtoni hawawezi kuruka juu ya kilima. Hufuata maji hatua kwa hatua kutoka mahali walipobaki, au husubiri kubebwa, wengine kwenye miguu ya ndege. Konokono wetu wa kwanza tulimwona mwaka wa tano. Kaa alipanda kutoka kijitoni mwaka uliofuata. Yule wa mawe, mwenye alama 17, hatujamwona mpaka leo. Huenda maji yetu bado yana joto kwake. Huenda hakuna alikobaki jirani ili arudi.

Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Kurejesha mahali ni kufungua mlango tu. Anayeingia ni yule aliyesalia mahali fulani. Upande wa pili wa bonde la Lwengera, Usambara Mashariki, katika vijito vya msitu wa Amani na Sigi, kuna kereng'ende mwembamba ambaye hajulikani kuishi kokote kwingine duniani. Jina lake la kisayansi ni Amanipodagrion gilliesi: Amani mwanzoni, na mwishoni jina la Mick Gillies, mtaalamu wa mbu. Mwaka 2012 alitiwa katika orodha ya viumbe 100 vilivyo karibu zaidi kutoweka ulimwenguni. Yeye ana mbawa, lakini si wa popote. Anataka kivuli cha msitu na maji safi. Vijito vile vikichafuka, hakuna matete ya mtu yeyote yatakayomrudisha, kwa sababu hakuna jirani wa kumwazima. Katika misitu hiyo hiyo kuna kaa mdogo aliyepewa jina na wataalamu mwaka 2004, ambaye huishi katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya matundu ya miti. Mti mmoja ukianguka, dunia yake imeanguka.

Sitaki nikose mara ya pili kwa kuimba sifa tupu. Mkutanoni jirani mmoja alisema: "Mnarudisha tingatinga, mnarudisha na mbu." Ni neno la mtu mwenye watoto. Milima yetu inajua magonjwa ya maji. Watafiti waligundua kwamba watoto wa usubi wa aina moja huishi wamejishika kwenye miili ya kaa wa mtoni, na usubi huyo ndiye aliyeeneza ugonjwa wa macho na ngozi unaoitwa kwa jina lake. Mwaka 1990 iliandikwa kwamba ugonjwa ulipungua Usambara Mashariki, labda kwa sababu misitu ilikatwa. Maji hayafuati adabu ya ushairi. Lakini juu ya mbu wa malaria kuna habari nyingine kutoka Kabale, Uganda, iliyochapishwa mwaka 2000: mabonde yaliyolimwa yalikuwa na joto kuliko yale yaliyoachiwa mafunjo yake, na mbu wa malaria walikuwa wengi zaidi karibu na mabonde yaliyolimwa. Mbu yule hupenda kidimbwi chenye jua, kama alama ya kwato au shimo la kumwagilia. Penye kivuli cha mafunjo na tunutu wa kereng'ende chini yake, hana raha. Nilimweleza jirani hayo. Alisema atangoja aone, na ni haki yake.

Kiswahili chetu cha miradi kina maneno mengi kwa kazi hii: kurejesha, kuhuisha, kukarabati, kuongoa. Nimeyapima yote. Kukarabati ni kwa nyumba. Kurejesha kunaahidi kwamba kilichoondoka kitarudi chote, na hilo nimekwisha kuona si kweli. Kishambaa kina neno la zamani, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake ni kubana shi, kuidhuru. Mwanahistoria Steven Feierman ameandika kwa kirefu jinsi Washambaa walivyompima mtawala kwa maneno hayo mawili: mfalme anayeponya nchi hunyeshewa mvua, na anayeidhuru huleta njaa. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa hifadhi ya udongo Mlalo mwaka 1946, wakiamuru watu wachimbe matuta, walikuwa na utaalamu lakini hawakuwa na neno hilo vinywani. Watu walikataa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Kuponya si kurudisha. Mgonjwa aliyepona ana kovu, naye hupona kwa gharama ya mtu aliyemuuguza.

Aliyeuguza kwetu ni mdogo wangu. Likizo moja nilimsomea shairi la zamani na kumweleza kosa langu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kaka, kumbe kereng'ende wako amekaa shambani kwangu miaka yote hii. Basi na alipe kodi." Tulicheka, kisha hatukucheka. Tulikaa chini tukahesabu kabichi ambazo hazikulimwa, kama ndugu wahesabuvyo urithi. Ni kweli kwamba maji ya kiangazi sasa yanafika mashamba ya chini, na majirani wa huko humwagilia mwezi ambao zamani walikuwa wakitazama mbingu. Faida ile ni ya majirani. Hasara ni ya nyumba moja. Tangu siku hiyo ada ya binti yake inatoka kwenye mshahara wangu. Haifikii thamani ya bonde, lakini ni kodi ya kereng'ende, na mpangaji wake ni mimi.

Limebaki deni la pili, nalo siwezi kulilipa kwa mshahara. Siku ile ya beseni nilimwuliza mtoto, huku nikimwonyesha yule mjenzi wa nyumba ya mchanga: "Bibi alikuwa akimwitaje huyu?"

"Mwenye-nyumba."

"Hilo ni la Kiswahili. Kwa Kishambaa je?"

Alifikiri. "Kwa Kishambaa sikumwuliza, baba mkubwa."

Mama alikuwa amemtafsiria mjukuu wake asiyejua Kishambaa vizuri. Jina lenyewe alikwenda nalo. Mimi nililijua, limo ndani yangu mahali fulani, chini ya tope, na kila nikilifikia linazama. Hapo nikaona kwamba maneno nayo hurudi kama wale wadudu. Yenye mbawa hayapotei: kereng'ende yumo katika nyimbo, katika mashairi, katika kamusi. Yasiyo na mbawa, majina ya waliokaa chini ya mawe, hayakuingia wimbo wala kitabu. Hayaruki kilima, husubiri kubebwa. Nimefungua kamusi zangu zote. Kiswahili kina konokono, ruba, kaa, uduvi, kiluwiluwi. Kwa yule mwenye mikia mitatu, ambaye akishakuwa mtu mzima mara nyingi huishi siku moja au chini yake bila hata kula, sikuona jina. Kwa yule wa mawe, sikuona. Kwa mjenzi, sikuona. Washairi wa lugha hii tumeuimba ufupi wa maisha kwa karne nyingi, na mdudu anayeishi siku moja tumemwacha bila jina.

Nimeanza kumwita mwanasiku. Yule mjenzi nimemwachia jina la mama, mwenye-nyumba. Huenda kwenu, kando ya Ruvu au Rufiji, Tana au Sabaki, kuna mzee anayewajua kwa majina yao ya haki. Mkimpata, muulizeni kwa lugha yake, wala msimwache awatafsirie kwanza. Andikeni, hata kama hamna shairi la kulitia jina hilo.

Beti sita za shairi langu nimezifuta. Wa kwanza nimeutunga upya, nikausoma juu ya tingatinga, mdogo wangu akiwa amesimama na jembe na binti yake akiwa na beseni:

Kereng'ende wa topeni, nisamehe sikujua,
Miezi yako majini, wiki chache kwenye jua,
Kwenu ni hapa bondeni, mbawa ndipo zikakua,
Nami kwetu milimani, leo hii natambua.

Mdogo wangu alisema ubeti huu ni afadhali. Kisha akaniuliza kama ada ya muhula ujao iko tayari.